Kujihadhari na wizi safarini si upungufu wa imani

Nasaha kwa mahujaji wa Babati na familia zao

Na Mwandishi Wetu, Babati

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeijaalia Nyumba yake tukufu kuwa kimbilio la waja wake kutoka kila pembe ya dunia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, kila mwaka wapo miongoni mwetu wanaoondoka hapa Babati kwenda kuitekeleza nguzo ya tano ya Uislamu, na wengine huenda kwa Umra. Hao si watu wa mali nyingi. Ni mkulima wa mbaazi aliyejiwekea kidogo kidogo baada ya kila mavuno, ni mwenye shamba la mpunga kule Magugu, ni mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake mnadani, ni mama mwenye duka la vitenge ambaye watoto wake wamemchangia. Fedha ya mtu wa namna hii haipatikani mara mbili. Tunakumbuka mwaka 2017, India ilipowekea mipaka uagizaji wa mbaazi, bei ikaporomoka na watu wakabaki na magunia yao ndani. Mwenye kuibiwa akiba ya miaka kumi au kumi na tano huenda asiione tena Al-Kaaba mpaka anaingia kaburini.

Kwa sababu hiyo, makala ya leo inazungumzia jambo ambalo huguswa kwa haraka katika semina za mahujaji: namna ya kuilinda nafsi na mali katika safari ya nje ya nchi. Wapo wanaoona aibu kulizungumza. Husema kwamba anayekwenda kwa Mola wake haifai kufikiria wezi, na kwamba katika ardhi tukufu hakuna wa kuiba. Kauli hizo zina nia njema, lakini hazilingani na mafundisho ya dini yetu.

Mwizi wa mahujaji si jambo jipya

Imamu Muslim amepokea katika Sahihi yake, kwa njia ya sahaba Jabir bin Abdillah (R.A.), kisa cha siku lilipopatwa jua, ambayo ilikuwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.). Katika swala ya siku ile Mtume (S.A.W.) alionyeshwa Pepo na Moto. Miongoni mwa aliowaona Motoni ni mtu mmoja aliyekuwa na fimbo yenye kichwa cha kombo. Mtu huyo alikuwa akiwaibia mahujaji kwa fimbo yake. Alikuwa akikokota vitu vyao, na mwenye mali akigundua, husingizia kwamba fimbo imenasa yenyewe bila ya yeye kukusudia. Asipogunduliwa, huenda zake na kile alichokipata.

Tuzingatie kisa hiki. Kwanza, kinatufundisha ubaya wa kumwibia mgeni wa Mwenyezi Mungu. Pili, kinatujulisha kwamba mahali kuwa patukufu hakumzuii kila mwovu kufika hapo. Tatu, kinatuonyesha kwamba mwizi wa msafiri hana sura ya mwizi. Ana udhuru tayari mdomoni, na huenda akawa ni mtu wa kuomba radhi kwa adabu. Fimbo imebadilika, leo ni wembe unaopasua mkoba katika msongamano, au ni ujumbe wa simu, lakini mwenendo ni ule ule.

Maana ya kumtegemea Allah

Katika Surat al-Baqara, aya ya 197, Mwenyezi Mungu ameamrisha mahujaji wachukue masurufu ya safari, kisha akabainisha kwamba masurufu yaliyo bora ni uchamungu. Ibn Abbas (R.A.), katika riwaya iliyo ndani ya Sahihi Bukhari, ameeleza sababu ya amri hiyo. Watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila ya kubeba chochote, wakidai kwamba wao ndio wenye kutegemea, na walipofika Makka waliwaomba watu. Qur'ani haikuusifu mwenendo huo, bali iliusahihisha.

Imamu Tirmidhi naye amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache huru na ategemee. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza kwanza amfunge, kisha ndipo ategemee.

Na hakuna mfano wa safari ulio wazi zaidi kuliko Hijra yenyewe. Madina iko kaskazini ya Makka, lakini Mtume (S.A.W.) na Abubakar Siddiq (R.A.) walielekea kusini kwanza, wakajificha katika pango la Thaur kwa siku tatu. Walimkodi Abdullah bin Uraiqit, mjuzi wa njia aliyeaminika ingawa hakuwa Muislamu wakati huo, na wakamkabidhi ngamia wao awaletee kwa miadi. Huku nyuma Ali bin Abi Talib (R.A.) aliachwa azirejeshe amana za watu kwa wenyewe. Ikiwa mbora wa viumbe, aliyeahidiwa ulinzi wa Mola wake, alipanga safari yake kwa hadhari kiasi hicho, sisi tunapata wapi ruhusa ya kwenda ovyo?

Wizi wa kwanza hutokea kabla ya ndege

Ndugu msomaji, wengi wanapofikiria wizi wa safarini huwaza juu ya wachomoa mifuko wa miji mikubwa. Ukweli ni kwamba hasara kubwa zaidi humpata msafiri angali nyumbani, mikononi mwa wakala asiye mwaminifu. Mfukoni hutoka riali chache, kwa wakala hutoka nauli nzima.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipoletewa mtu wa kumtolea mwenzake ushahidi wa uadilifu, alimuuliza mambo matatu: kama ni jirani yake anayejua anavyoingia na anavyotoka, kama amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu, na kama amewahi kusafiri naye. Alipojibiwa kuwa hapana kwa yote matatu, alimwambia kwamba basi hamjui mtu huyo, na kwamba labda alimwona tu msikitini akiinua na kuinamisha kichwa. Kipimo hiki kinatutosha. Kanzu nyeupe, ndevu na ufasaha wa kunukuu hadithi si dhamana ya fedha ya mtu. Muulize wakala amesafirisha nani mwaka jana, kisha uwatafute hao waliosafiri naye uwasikie wenyewe.

Kabla ya kutoa senti, familia na iulizie katika ofisi ya BAKWATA ya wilaya au mkoa kama taasisi hiyo inatambuliwa kusafirisha mahujaji mwaka huo. Malipo yafanyike benki, katika akaunti yenye jina la taasisi, si katika simu ya mtu binafsi. Mkataba uandikwe na utaje nyumba ya kufikia na umbali wake kutoka Msikiti Mtukufu, idadi ya siku, chakula, mahema ya Mina na tiketi ya kurudi. Anayechukua pasi yako ya kusafiria asaini kwamba ameipokea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata Qur'ani, katika aya yake iliyo ndefu kuliko zote, imeamrisha kuandikiana deni la muda. Basi wakala anayechukia kuandikiana anajitambulisha mwenyewe.

Jambo jingine la kuchunguzwa ni aina ya viza. Viza ya matembezi na viza ya Umra haziruhusu kuhiji. Wapo mawakala wanaowauzia watu viza hizo kwa bei nafuu na kuwaahidi kwamba wakishafika watapenyezwa. Matokeo yake dunia iliyaona mwezi wa Juni 2024. Joto katika Msikiti Mtukufu lilizidi nyuzi 51, na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301 vya mahujaji, ambapo asilimia 83 kati yao hawakuwa na vibali. Kwa kukosa vibali, walikosa pia mahema yenye ubaridi na mabasi, wakatembea mwendo mrefu juani. Misri, iliyopoteza watu wengi, ilizifutia leseni kampuni 16 za usafiri. Ndugu zangu, wakala wa namna hiyo haibi fedha tu. Mtu alikwenda kutafuta radhi za Mola wake, akauziwa njia ya mauti.

Njiani kutoka Babati

Mji wetu uko katika njia panda. Barabara ya Arusha, ya Singida na ya Dodoma kupitia Kondoa zote zinakutana hapa. Hujaji wa Babati ama huelekea Arusha, mwendo wa takriban kilomita 170, kisha uwanja wa Kilimanjaro, ama hushika safari ndefu ya Dar es Salaam. Katika basi asikubali chakula wala kinywaji kutoka kwa asiyemjua, hata akiwa ni mtu mzima mwenye maneno matamu, kwani watu wengi wameleweshwa kwa biskuti na juisi wakaamka mifuko mitupu. Mkoba wenye fedha na pasi usiwekwe katika buti la gari wala juu kichwani, bali ukae mwilini. Na si busara kumtangazia kila abiria kwamba unakwenda Makka, kwani ni sawa na kumtangazia kwamba una fedha.

Fedha za kigeni zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni, kamwe si kwa kijana aliyesimama barazani anayeahidi bei nzuri. Ni vema mzee wetu akajua hesabu moja nyepesi: dola moja ya Marekani ni riali 3.75, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1986. Kwa hiyo dola 100 ni riali 375. Mwenye duka la kubadilishia atakata kidogo, lakini atakayekupa riali 300 amekudhulumu.

Hadhari kubwa zaidi uwanjani ni ya mizigo. Usibebe kifurushi cha mtu, hata kama ni cha jirani, hata kama ni dawa ya mgonjwa, mpaka umekifungua na kukiona chote. Adhabu ya kuingiza dawa za kulevya Saudi Arabia inaweza kufikia kifo, na mirungi ni haramu kule kama ilivyo marufuku hapa kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2018 mwanafunzi mmoja wa Nigeria, aliyekwenda Umra na familia yake, alikamatwa Madina. Watu waovu katika uwanja wa ndege wa nyumbani kwao walikuwa wamebandika lebo yenye jina lake katika begi lenye dawa aina ya tramadoli. Aliachiwa Aprili 2019, baada ya miezi ya kifungo na baada ya serikali yao kuthibitisha kwamba hana hatia. Hivyo basi, hesabu mabegi yako, simama uone lebo ngapi zinatolewa kwa jina lako, utunze vipande vyake na upige picha ya mizigo. Anayetumia dawa za hospitali achukue cheti cha daktari.

Katika ardhi tukufu

Wanaume wengi hupata tabu wakiwa katika ihramu. Nguo haina mfuko, nao wanaogopa kufunga mkanda wa fedha kwa kuwa umeshonwa. Matokeo yake hufunga fedha katika pindo la shuka, zikadondoka au zikafunguliwa na mikono ya watu. Jambo hili halina uzito huo. Himyani, yaani mkanda wa kuwekea fedha, ulijulikana tangu zama za masahaba. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa juu ya aliyehirimia kuuvaa, naye hakuona ubaya, kwa kuwa mtu anahifadhi matumizi yake. Ibn Abbas (R.A.) naye amepokewa akiruhusu. Basi mzee wetu aufunge mkanda wake kiunoni chini ya shuka la juu na moyo wake utulie.

Mama zetu wavae mkoba mdogo ndani ya baibui, upande wa mbele, wala si mkoba wa kuning'inia begani. Anayekwenda kutufu achukue riali za kutosha siku ile tu. Zilizobaki zigawanywe: sehemu katika sanduku la usalama la hoteli au kwa kiongozi wa msafara kwa maandishi, na sehemu kwa mwenzi wa safari. Nakala ya pasi iwe katika begi jingine, na nakala ya pili ibaki nyumbani Babati. Kadi ya Nusuk, ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa kwa kila hujaji mwenye kibali, ivaliwe shingoni wala isiazimwe, kwani ndiyo inayomfungulia njia katika viwanja vya Mina na Arafa.

Sehemu za hatari zinajulikana: karibu na Jiwe Jeusi, katika milango wakati watu wanatoka swalani, na katika mabasi. Anayejitolea kukusukumia njia hadi kwenye Jiwe Jeusi kwa malipo mwepuke. Kulibusu ni sunna, ilhali kuwaumiza watu ni haramu, na katika msukumano huo ndipo mikono ya wezi inapofanya kazi.

Ukiona kitu kimeanguka, usikiokote kwa nia ya kukichukua. Mtume (S.A.W.) ameweka hukumu maalumu kwa vitu vilivyopotea Makka, kwamba haviokotwi isipokuwa na mwenye kuvitangaza. Mjulishe askari aliye karibu. Hukumu hii inalinda mali ya mwenzako, na inakulinda wewe usije ukatuhumiwa.

Kuhusu mnyama wa kuchinja, wapo wanaozunguka hotelini wakiuza kondoo kwa bei ya chini mno na hakuna kinachochinjwa. Nunua hati ya mradi wa Adahi, ambao umekuwapo tangu mwaka 1983, au umwakilishe kiongozi wa msafara unayemwamini. Hapa mwizi anakuibia ibada pamoja na fedha.

Na msitembee mmoja mmoja. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya msafiri kwenda peke yake usiku, na ameagiza watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao awe kiongozi. Wazee wa msafara wakubaliane mahali pa kukutana, na wataje namba ya mlango. Kuambiana kukutana chini ya mnara wa saa hakutoshi, kwani maelfu wameambiana hivyo hivyo. Mlango wa Mfalme Abdulaziz ni namba 1, na wa Mfalme Fahd ni namba 79. Hujaji asiyejua kusoma aandikiwe jina la hoteli kwa Kiarabu katika kadi.

Waliobaki nyumbani nao walindwe

Mwizi anajua kwamba hujaji yuko mbali na kwamba watoto wake wana wasiwasi. Ndipo hutuma ujumbe: baba yenu ameugua Makka, ile fedha tumeni kwenye namba hii. Familia isitume chochote kabla ya kuisikia sauti ya mzazi wao au ya kiongozi wa msafara kwa namba waliyoachiwa. Ni vizuri wakubaliane neno moja la siri kabla ya safari. Ujumbe wa namna hiyo upelekwe kwa namba 15040 iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano kwa ajili ya kuripoti utapeli.

Anayeondoka naye alipe madeni au ayaandike, aandike wasia, awaachie watu wake matumizi ya siku zote atakazokuwa mbali, na amkabidhi mtu mwaminifu funguo na mifugo. Kuwaacha watoto wakikopa chumvi kwa jirani ili mtu apate fedha ya zawadi za Madina si katika uchamungu.

Ikitokea umeibiwa

Hadhari haizuii qadari. Aliyeibiwa awahi kumjulisha kiongozi wake, kisha polisi kwa namba 911 inayotumika Makka na Madina. Achukue karatasi ya taarifa, kwani bila hiyo ubalozi wetu ulioko Riyadh hauwezi kumsaidia kwa wepesi kupata hati ya dharura ya kurejea. Hija yake haibatiliki kwa kupoteza mali.

Wenzake nao wana wajibu. Katika Surat at-Tawba, aya ya 60, msafiri aliyekatikiwa na njia ametajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka, na wanazuoni wamesema anapewa cha kumfikisha kwao hata kama nyumbani kwake ana mali. Kwa hiyo mzee aliyeibiwa asione haya kusema, na msafara usimwache akiomba milangoni mwa msikiti kama wale watu wa Yemen. Wachangiane siku hiyo hiyo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii mwenye mzazi anayejiandaa kwa safari akae naye baada ya swala. Ausome naye mkataba, aulizie wakala wake, amshonee mkanda, amwandikie kadi ya hoteli. Kumfunga ngamia wa mzazi wako ni katika kumtendea wema.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mahujaji wetu waendako na warudipo, awakinge na shari ya wezi na matapeli, awatakabalie ibada zao na awarejeshe kwa familia zao wakiwa salama. Na wale ambao akiba zao zimeliwa na wadanganyifu, awape badali iliyo bora na awafikishe kwenye Nyumba yake. Amin.